Divai Iliyopikwa na Jua

Kwa miaka yote niliyokaa dukani, watu waliniuliza swali lile lile: kuonja divai, hiyo nayo ni kazi? Wengine waliuliza wakicheka, wengine kwa sauti ya mtu anayetaka kukuombea. Nimestaafu mwezi uliopita, kwa hiyo sasa naweza kujibu bila kumwangalia bosi usoni kwanza. Ni kazi. Nimeifanya miaka ishirini na sita, Bwera na Kasese, huku magharibi mwa Uganda, na ninyi mnaobaki nyuma ya ile kaunta mmeniomba niandike ilivyokuwa. Ya mishahara na vyeo sitayagusa, hayo mnayajua wenyewe. Nitaandika ya chupa.

Naitwa Masika. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa kule Kyondo. Nilishuka Bwera nikiwa na cheti cha sekondari na viatu vya kuazima, nikaandikwa katika duka la vinywaji la Bwana Bwambale. Kazi yangu ilikuwa soda na bia. Divai za Ulaya zilikuwapo, lakini zilikaa rafu ya juu kabisa, zimesimama wima, karibu na bati la paa, zikisubiri padri au mgeni wa shirika anayevuka kwenda Kongo. Siku ya kwanza nilipewa kitambaa nizifute vumbi. Nilifuta, nikazipanga kwa rangi ya lebo, nikaona nimefanya la maana.

Aliyekuja kunikuta juu ya ngazi ni Madame Furaha, muuzaji mkuu wa duka. Alikuwa mama wa Kikongo, mwembamba, mwenye miwani ya kamba, na kabla ya kuvuka mpaka pale Mpondwe alikuwa amehudumia meza za hoteli kwa miaka mingi. Aliangalia kazi yangu, akaangalia bati.

"Mutoto," aliniambia, "nani alikuambia divai iko sufuria? Mbona unaiweka kwenye moto?"

Siku hiyo tulihamisha chupa zote mpaka stoo ya nyuma, ile yenye ukuta mnene. Tukazilaza ubavu ili vizibo visikauke, tukatundika magunia ya maji dirishani. Hilo ndilo somo langu la kwanza, na kama hamtakumbuka lingine lolote, shikeni hilo: joto la kwetu huua divai kabla mteja hajaigusa, na ikishakufa haifufuki hata ukiitia kwenye friji.

Madame Furaha alinifundisha kuonja Jumapili mchana, nyumbani kwake, baada ya misa. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, rafiki yangu Jeneti ambaye ni nesi, na Baluku, aliyekuwa mwonjaji wa kahawa wa chama cha wakulima. Madame alifungua chupa mbili tu kila mara, wala hakufungua moja. Alisema ukionja moja utasema umeipenda au hukuipenda, basi. Ukionja mbili unalazimika kusema kwa nini. Jeneti alishona mifuko ya kitenge ya kuficha lebo. Tulionja, tukaandika kwenye madaftari, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka wote wamemaliza.

Zamu yangu ya kwanza nilisema, "Hii ni tamu."

"Sukari iko tamu," alinijibu. "Divai iko nini?"

Alinisubiri. Baluku naye aliivuta divai mdomoni kwa kelele, fyuuu, kama wafanyavyo na kahawa, akatema kwenye ndoo, akasema inafanana na maganda ya kahawa mbichi yaliyolala usiku mmoja. Mimi nilikuwa nimepalilia kahawa maisha yangu yote ya utoto. Nilinusa tena, na kweli, maganda yalikuwamo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ulimi wangu haukuwa mtupu. Ulikuwa umejaa vitu, ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba navyo vinahesabika.

Vikaratasi vilivyokuja na chupa vilizungumzia cheri nyeusi na plamu, matunda ya Ulaya. Sisi wanne hatukuwahi kuona cheri. Kwa hiyo tulitengeneza maneno yetu. Divai nyeupe ya Ujerumani tuliiandika ntuntunu, yale matunda madogo ya manjano yenye ganda kama taa, maana ina uchachu ule ule unaokunja shavu. Nyekundu za Ureno zilikuwa na ukakasi wa ndizi mbichi, kisha nyuma yake moshi. Moja ya Italia ilinuka ngozi ya viatu vipya, na Jeneti akaipenda kuliko zote, akasema inanuka kama siku ya kwanza ya shule. Samaki wa ziwani, wa Kahendero, tulimla na ile ya ntuntunu, na Baluku, ambaye alikuwa hasemi mengi, aliongeza samaki, akaongeza divai, akasema, "Hivi viwili vinajuana."

Kuhusu kutema: temeni. Nilipoandaa maonjo ya kwanza dukani, mama mmoja aliniona nikitema kwenye ndoo, akaweka glasi chini, akaondoka, akaenda kusema sokoni kwamba Masika anauza kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukimeza. Ilinichukua wiki mbili kumrudisha. Bado, temeni. Kanisani kwangu nako niliitwa mbele ya wazee, nikaulizwa kama ni kweli nalewa kila Jumamosi. Niliwaambia waje wanione saa kumi na moja jioni nikifunga mahesabu ya duka. Hakuna aliyekuja, na mimi sikuacha kiti changu cha mbele.

Madame Furaha alirudi Kongo miguu ilipoanza kuvimba, akaniachia kizibuo chake cha kufungulia chupa na ufunguo wa stoo. Mwaka uliofuata nilifanya jambo ambalo silipendi kulisimulia, lakini bila hilo hamtaelewa lililofuata.

Parokia moja ya milimani ilikuwa inasherehekea jubilei ya upadri ya paroko wao. Wazee wa parokia walichanga muda mrefu, wakaja kununua divai nyekundu ya Ufaransa, katoni kadhaa, iwe ya wageni wote. Katoni zilizokuwapo zilikuwa zimekaa juani siku nyingi kabla ya kutufikia. Nilifungua moja, nikajua. Ilinuka jemu iliyoungua chini ya sufuria, na mdomoni haikuwa na kitu, kama mtu aliyesimama lakini hayupo. Bwana Bwambale alikuwa amesimama pembeni yangu. Mzee wa parokia aliniuliza, "Binti, iko sawa?" Nikasema iko sawa.

Nilialikwa kwenye sherehe. Nilikaa safu ya nyuma, nikawaona wazee wa kahawa, watu kama baba yangu, wakinywa kidogo, wakikunja uso, kisha wakitabasamu kwa adabu na kumwaga iliyobaki kwenye majani nyuma ya viti. Bibi mmoja aliyekaa kando yangu aliniinamia.

"Kumbe divai ya Wazungu iko hivi," alisema. "Kosa ni letu. Sisi hatujazoea."

Hilo ndilo lililonichoma. Hawakulaumu chupa, hawakulaumu duka. Walijilaumu wenyewe. Mtu anauziwa kitu kilichooza, anaona aibu kwamba ulimi wake ni wa kishamba. Nilitembea kushuka mlima ule mpaka barabarani, nikajiapia kwamba halitatokea tena mbele yangu.

Lilitokea miaka minne baadaye, Kasese. Wakati huo Bwana Bwambale alikuwa amefungua duka kubwa mjini, akanihamishia huko nisimamie meza ya maonjo kila Jumamosi alasiri. Walikuja walimu, mameneja wa loji za watalii, wafanyabiashara, na Jeneti alipanda kutoka Bwera kila alipopata nafasi. Jumamosi ninayoisimulia alikuwa na sababu yake: binti yake alikuwa anaolewa, na divai ya harusi angechagua pale pale mezani. Aliniambia, "Wewe ukisema ndiyo, mimi nalipa macho yamefungwa."

Kampuni moja ya kuagiza vinywaji ilikuwa imetuletea shehena mpya ya divai ya Bordeaux, Ufaransa, na mjumbe wake alikuja mwenyewe kutoka Kampala kuizindua. Alivaa skafu. Kasese, mchana, skafu. Asubuhi kabla ya wageni nilifungua katoni moja. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu, kimepita mdomo wa chupa, na mchirizi wa kunata ulikuwa umeshuka shingoni mpaka kwenye lebo. Nilionja. Jemu ile ile, utupu ule ule. Nikafungua katoni ya pili, ya tatu. Nikamwita Bwana Bwambale stoo.

"Bosi, hii imepikwa na jua. Yote."

Alionja. Najua alijua, maana alikuwa mtu mwenye ulimi mzuri, ila hakuupa nafasi. Alisema, "Masika, leo usiniharibie. Iweke mezani, sema yale maneno ya kawaida."

Niliiweka mezani. Hakuniambia nisiweke kitu kingine. Stoo nilikuwa na chupa za divai hiyo hiyo, mtengenezaji yule yule, mwaka huo huo wa mavuno, kutoka shehena ya zamani ambayo nilikuwa nimeilaza vizuri chini ya magunia. Nikazivalisha zote mifuko ya kitenge, zile za zamani kijani, zile mpya nyekundu, nikazipanga kuwa jozi ya mwisho.

Jozi ya kwanza nilijikwaa. Ilikuwa Hispania na Ureno, na mimi nilikuwa nimejifichia lebo kama wageni ili niwaonyeshe namna ya kukisia. Nilitaja Ureno pale palipokuwa na Hispania. Mjumbe alicheka kwa sauti, akawaambia wageni, "Mwalimu wenu huyo." Nilisema nimekosea, nikaandika kosa langu ubaoni, tukaendelea. Mkikosea, andikeni. Ubao hauumi.

Jozi ya mwisho ilipofika niliwaomba wageni wanuse, waonje, waandike, wasiseme. Nikamsikia Baluku, aliyekuja na Jeneti, akivuta, fyuuu. Kisha nikauliza.

Meneja mmoja wa loji alisema ya mfuko wa kijani ameipenda, ya mfuko mwekundu haielewi. Mwalimu mmoja alisema ya nyekundu imechoka. Jeneti aliiweka glasi chini polepole. "Hii ya nyekundu iko kama jemu iliyoungua," alisema. "Na ya kijani inanuka udongo wakati mvua inaanza."

Nikavua mifuko. Lebo zilikuwa sawa kabisa.

Watu walisogea kuangalia. Mjumbe alishika chupa yake, uso wake umebadilika, lakini hakuionja. Nilimsogezea glasi. Hakuigusa.

"Sihitaji kuonja, naijua," alisema. "Hiyo ndiyo ladha ya Bordeaux iliyokomaa. Nyabo, mama yangu, ninyi huku mmezoea vitu vya sukari. Huwezi kuhukumu divai ya Ufaransa kwa udongo na jemu. Wewe umewahi kuonja cheri?"

"Sijawahi," nilisema. "Na wewe umewahi kuonja ntuntunu?"

Alirekebisha skafu yake. Wageni wengine walicheka, na kicheko kile kilimuudhi Bwana Bwambale zaidi kuliko kilivyomuudhi mjumbe. Alinijia mpaka karibu, akasema, si kwa kunong'ona, "Masika, muombe mgeni msamaha."

Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume aliyekuwa bado hajapata kazi. Nilimwona akilini yule bibi wa milimani akiniinamia. Nikasema, "Ya Hispania nilikosea, na nimeiandika pale. Hii sikukosea. Siombi msamaha."

"Mbele ya watu unanikatalia?"

"Mbele ya watu ndipo uliponiomba."

Akaniambia nikabidhi funguo. Nilikabidhi. Kizibuo nilibaki nacho, kilikuwa changu.

Jeneti alinifuata nje, akanishika mkono. Hakusema pole. Alisema, "Basi harusi ni divai ya Hispania na juisi ya matunda. Twende tunywe chai." Na ndivyo ilivyokuwa: harusi ilipita, wageni walikunywa mpaka chini, hakuna aliyemwaga kitu kwenye majani.

Sikufukuzwa, jambo ambalo lilinishangaza. Nilirudishwa Bwera, kwenye soda na bia, na nikapigwa marufuku kufungua chupa ya divai dukani. Mkuu mpya wa duka lile, kijana aliyekuwa jeshini kabla ya biashara, alipewa amri hiyo akaitekeleza kwa moyo wote. "Mama Masika, wewe iko soda tu," alikuwa akiniambia kila asubuhi. "Soda tu, afande," nilimjibu. Lakini Jumapili ilikuwa yangu. Nikaanzisha tena meza sebuleni kwangu, na mifuko ya kitenge ilikuwa ile ile. Wateja wangu wa Kasese walianza kushuka, kisha wakaja wafanyabiashara wa Kikongo waliokuwa wakivuka kuuza mizigo, waliojua divai toka makwao. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti kubwa, aliionja ile ya Italia, akasema, "Hii iko na roho!" Chupa walizileta wenyewe. Mimi nilileta ndoo.

Wakati huo shehena ya jua iliuzwa. Loji mbili zilirudisha katoni zao ndani ya mwezi mmoja, watalii wao walikuwa wakiacha glasi zimejaa. Kisha Hajji Sadiki, msafirishaji wa saruji ambaye ni Mwislamu na hajagusa kileo maishani mwake, alikuwa akipakua mzigo nyuma ya duka la Kasese akaziona zile katoni. Alimwambia Bwana Bwambale bila kuulizwa, "Mimi sijui mambo ya pombe. Lakini hizi boksi nazijua. Lori yao iliharibika, ikalala juani siku kumi na mbili karibu na yangu. Dereva alikuwa analala chini ya lori maana ndani hakukaliki."

Bwana Bwambale alikuja Bwera siku tatu baadaye. Hakuomba msamaha. Mtu wa umri wake, kwa mfanyakazi wake, hilo halikuwa na njia. Aliweka juu ya kaunta boksi la glasi za divai, nyembamba, za shina refu, akasema, "Jumamosi fungua meza."

Mngekuwa ninyi labda mngeshukuru. Mimi niliziangalia glasi, nikazipenda, nikamwambia nina sharti. Hakuna katoni ya divai itakayopanda rafuni kabla sijafungua chupa moja na kuionja, na nikisema hapana ni hapana, hata kama mwenye mzigo amesimama mlangoni na skafu yake.

"Na hizo zilizobaki?" aliniuliza.

"Twende tukazimwage."

Tulipanda Kasese pamoja, akavua koti. Tulizimwaga wawili, kwenye mtaro nyuma ya duka la Kasese, chupa moja moja, na harufu ya jemu ikapanda mpaka barabarani. Nyuki walikuja kwa mamia. Wao hawakulalamika. Bwana Bwambale alimwaga ya mwisho, akaitikisa chupa, akasema, "Ile ya parokia nayo ilikuwa hivi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Ulijua?" Nikamwambia, "Tulijua." Hatukuizungumzia tena, ila mwaka ule parokia ile ilipelekewa divai nzuri, na niliipeleka mimi, nikawafungulia mwenyewe, nikawaambia wazi kwamba ile ya kwanza ilikuwa imeharibika na kosa lilikuwa letu dukani. Bibi yule alikuwa ameshafariki. Hilo siwezi kulirekebisha.

Sharti lile nililishika mpaka siku ya mwisho. Nilikataa shehena tisa, na kila moja ilikuwa na mtu wa kuniambia kwamba sijui. Wengine walikuwa sahihi kunipima. Hakuna aliyekuwa sahihi kuniambia nimeze na nitabasamu.

Nimalizie na Jumamosi ya mwisho niliyoongoza meza, mwezi uliopita. Aliyechukua nafasi yangu ni Kabugho, binti aliyefanya kazi nami miaka mitatu, mtulivu, hapendi kuangaliwa. Jozi ilikuwa mbili nyekundu za Ureno. Nilionja, nikawaambia wageni ya kushoto ndiyo bora, ina urefu, inakaa mdomoni. Niliisema kwa sauti ya mtu mwenye miaka ishirini na sita, na wageni wakaanza kutikisa vichwa wakikubali.

Kabugho alikohoa. "Mama Masika," alisema, "samahani, lakini hapana. Ya kushoto imeanza kuharibika. Kizibo chake kinanuka boksi lililolowa. Ya kulia ndiyo nzima."

Nilisikia hasira ikinipanda mpaka masikioni, mbele ya wageni wangu, Jumamosi yangu ya mwisho. Nilichukua glasi ya kushoto, nikanusa. Sikusikia kitu. Nikanusa tena, polepole, na nyuma kabisa, mbali, likawapo: boksi lililolowa.

Nilitema kwenye ndoo. Nikachukua chaki, nikaandika kosa langu ubaoni, nikampa Kabugho chaki hiyo, nikaenda kukaa kwenye viti vya wageni.